Korona Lombardia: Kwa nini watu wengi walikufa? Mambo 8 yaliyochangia

Usiku wa Machi 18, 2020, malori ya jeshi yalipita kwenye mitaa ya mji wa Bergamo, kaskazini mwa Italia. Ndani yake kulikuwa na majeneza. Mahali pa kuchomea maiti pa mji huo palikuwa pamezidiwa, ikabidi miili isafirishwe kwenda kuchomwa katika miji mingine.

Picha za malori hayo zilizunguka dunia nzima. Leo Italia inaadhimisha Machi 18 kila mwaka kama siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa korona.

Bergamo iko katika mkoa wa Lombardia, wenye watu takriban milioni 10 na makao makuu yake Milano. Huu ni mmoja wa mikoa tajiri kabisa barani Ulaya. Una viwanda, vyuo vikuu na hospitali zenye sifa. Hata hivyo, hadi mwisho wa Aprili 2020, zaidi ya watu 13,000 walikuwa wamehesabiwa kufa kwa korona katika mkoa huo mmoja.

Takwimu za serikali ya Italia zinaonyesha kuwa mwezi Machi 2020, vifo vya sababu zote katika wilaya ya Bergamo viliongezeka kwa asilimia 568, ukilinganisha na wastani wa Machi za 2015 hadi 2019. Yaani pale ambapo kwa kawaida wangekufa watu 10, sasa walikufa karibu 67.

Ilikuwaje? Watu wengi hujibu haraka: "Italia ina wazee wengi." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Kuna maswali mawili hapa, na yasichanganywe. La kwanza, ni nani waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa? La pili, kwa nini walikufa wengi kiasi kile, mahali pale na wakati ule?

Mambo manne ya kwanza hapa chini yanajibu swali la kwanza. Manne yanayofuata yanajibu la pili.

1. Umri

Mwaka 2020, karibu asilimia 23 ya Waitaliano walikuwa na miaka 65 au zaidi. Ni kati ya mataifa yenye wazee wengi zaidi duniani.

Na korona ilikuwa kali kwa wazee. Kwa mujibu wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Italia, nusu ya waliokufa katika wimbi la kwanza walikuwa na umri wa miaka 80 hivi au zaidi. Waliokufa wakiwa chini ya miaka 50 walikuwa karibu asilimia 1 tu.

Takwimu za Italia za katikati ya Machi 2020 zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliothibitishwa wenye miaka 80 na kuendelea, mmoja kati ya watano alikufa.

Sababu iko mwilini. Kadiri mtu anavyozeeka, kinga yake hupungua kasi ya kutambua adui mpya. Mapafu na moyo navyo havina tena akiba ya nguvu ya kuhimili wiki mbili tatu za homa kali na upungufu wa oksijeni.

2. Presha, kisukari na moyo

Wengi wa waliokufa hawakuwa na korona peke yake. Kwa wastani, mgonjwa aliyekufa alikuwa na magonjwa sugu matatu hivi. Presha ndiyo iliyoongoza, ikionekana kwa karibu theluthi mbili yao. Kisukari na magonjwa ya moyo yalifuata. Waliokufa bila ugonjwa wowote wa awali walikuwa asilimia chache tu.

Hapa watu hukosea. Wengine husema, "Basi walikufa kwa presha, si kwa korona." Sivyo. Mtu wa miaka 72 mwenye presha anayetumia dawa vizuri anaweza kuishi miaka 10 au 15 zaidi. Korona ilimkuta akiwa na udhaifu, ikamalizia miaka ambayo bado alikuwa nayo.

Kisukari na unene uliopitiliza huvuruga kinga ya mwili na kuharibu mishipa midogo ya damu. Korona nayo hushambulia mishipa na kugandisha damu. Vikikutana, mwili unapigwa pande mbili.

3. Kuwa mwanamume

Katikati ya Machi 2020, karibu 7 kati ya kila 10 waliokufa Italia walikuwa wanaume. Hali ilikuwa hivyohivyo katika wodi za wagonjwa mahututi. Madaktari wa Lombardia walichunguza wagonjwa 1,591 waliolazwa katika wodi hizo ndani ya mwezi mmoja, wakakuta asilimia 82 ni wanaume. Nusu yao walikuwa na miaka 63 au zaidi, na wengi sana walihitaji kuwekewa mashine ya kupumulia.

Wanasayansi wanataja sababu kadhaa: tofauti za homoni na kinga kati ya wanaume na wanawake, uvutaji wa sigara, na ukweli kwamba wanaume wa rika hilo huwa na magonjwa ya moyo zaidi.

4. Vinasaba

Hili liligunduliwa baadaye. Mwaka 2020, watafiti Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kuwa kipande fulani cha vinasaba, kilicho kwenye kromosomu ya 3, huongeza hatari ya kuugua sana korona. Kipande hicho kilitoka kwa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, ambao walizaana na mababu wa watu wa Ulaya na Asia.

Mwaka 2023, Taasisi ya Mario Negri, ambayo ina kituo chake Bergamo, ilitoa matokeo ya utafiti uliohusisha maelfu ya wakazi wa wilaya hiyo. Waliokuwa na vinasaba hivyo walikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kupata homa kali ya mapafu, na karibu mara tatu ya kuhitaji wodi ya mahututi.

Lakini tahadhari. Vinasaba hivyo viko kwa takriban asilimia 16 ya watu wa Ulaya nzima, na asilimia 50 ya watu wa Asia Kusini. Haviko Bergamo pekee. Vinaweza kueleza kwa nini jirani mmoja alizidiwa na mwingine akapona. Haviwezi peke yake kueleza kwa nini mji mzima ulizidiwa.

Na hapo ndipo swali la pili linapoanza.

5. Virusi viliingia kimyakimya

Januari 31, 2020, Italia ilisitisha ndege za moja kwa moja kutoka China. Watu wakadhani mlango umefungwa. Kumbe virusi vilikuwa vimeshaingia.

Hospitali zilielekezwa kuwapima watu wenye dalili waliotoka China au waliokutana na wagonjwa. Usiku wa Februari 20, katika mji mdogo wa Codogno, daktari Annalisa Malara alikuwa na mgonjwa wa miaka 38, mtu wa mazoezi, ambaye homa yake ya mapafu haikuitikia dawa. Kwa mwongozo uliokuwepo, hakustahili kipimo. Daktari akaomba apimwe hata hivyo. Majibu yakaja: korona. Mgonjwa huyo baadaye alipona.

Kesho yake wagonjwa wakaanza kuonekana kila upande. Uchunguzi wa baadaye uligundua kuwa kulikuwa na watu wenye dalili Lombardia tangu Januari. Mabaki ya virusi yalipatikana hata kwenye sampuli za maji taka ya Milano na Turin za Desemba 18, 2019.

Hii ina maana kwamba kwa wiki kadhaa watu waliambukizana kazini, kanisani, baa na kwenye meza za chakula, bila mtu yeyote kujua. Siku ugonjwa ulipotajwa jina, tayari ulikuwa umeenea.

6. Mikusanyiko, viwanda na kuchelewa kufunga

Februari 19, siku moja kabla ya kipimo cha Codogno, timu ya Atalanta ya Bergamo ilicheza na Valencia ya Hispania kwenye Ligi ya Mabingwa. Uwanja wa Bergamo haukukidhi viwango vya mashindano hayo, hivyo mechi ikapelekwa San Siro, Milano. Zaidi ya watu 40,000 walihudhuria, wengi wao wakisafiri kwa mabasi, treni na magari kutoka Bergamo. Atalanta ilishinda 4-1. Mashabiki wakakumbatiana.

Baadaye usiku ule ulifananishwa na bomu la kibaolojia. Ni kweli mechi haikuleta virusi, kwani vilishakuwepo. Ila inaaminika ilivisambaza haraka.

Februari 23 serikali ilifunga miji 11: 10 karibu na Codogno, na mmoja, Vo', katika mkoa jirani wa Veneto. Siku hiyohiyo wagonjwa wa kwanza walithibitishwa hospitali ya Alzano Lombardo, katika bonde la Seriana karibu na Bergamo. Idara ya dharura ilifungwa kwa saa chache, kisha ikafunguliwa tena.

Bonde la Seriana limejaa viwanda na wafanyakazi wanaosafiri kila siku. Machi 3, kamati ya wataalamu ilishauri Alzano na mji jirani wa Nembro vifungwe kama Codogno. Havikufungwa. Lombardia nzima ilifungwa Machi 8, na siku iliyofuata ikatangazwa kuwa nchi yote inafungwa.

Waendesha mashtaka wa Bergamo walichunguza uamuzi huo kwa miaka mitatu. Mashauri dhidi ya aliyekuwa waziri mkuu Giuseppe Conte na aliyekuwa waziri wa afya Roberto Speranza yalifutwa mwaka 2023. Lakini kwa familia nyingi za bonde lile, swali la siku zile bado halijaisha.

Kuna na jambo la kifamilia. Italia, mabibi na mababu hulea wajukuu na hukaa karibu na watoto wao. Ni jambo jema. Katika mlipuko, hata hivyo, ukaribu huo ulimpa kijana asiye na dalili njia rahisi ya kumfikishia babu yake ugonjwa.

7. Hospitali zilizidiwa, na zenyewe zikawa chanzo

Kabla ya korona, Lombardia ilikuwa na vitanda 720 hivi vya wagonjwa mahututi kwa watu milioni 10. Wakati wa kawaida vilitosha. Machi 2020 vilijaa, vikaongezwa haraka, vikajaa tena. Wagonjwa walisubiri ambulensi kwa saa nyingi. Wengine walikufa nyumbani kabla hawajapimwa, na hao hawakuingia kwenye hesabu rasmi ya korona.

Tatizo lilianzia mbali. Tangu mageuzi ya mwaka 1997, mfumo wa afya wa Lombardia uliegemea sana hospitali kubwa, za umma na za binafsi. Huduma za ngazi ya chini, kama madaktari wa familia na wauguzi wa kutembelea nyumba, zilidhoofika. Korona ilipokuja, mtu mwenye homa alikuwa na njia mbili: kukaa nyumbani bila msaada, au kwenda hospitali.

Wengi walikwenda hospitali. Huko wakakutana na wagonjwa wa moyo, wa saratani, wa figo. Machi 21, madaktari wa hospitali ya Papa Giovanni XXIII ya Bergamo waliandika katika jarida la kitabibu la Marekani onyo lililowashtua wenzao: hospitali zenyewe huenda ndizo zinazosambaza ugonjwa, na ambulensi na watumishi pia. Wakashauri wagonjwa wasio mahututi watibiwe nyumbani.

Barakoa na mavazi ya kujikinga vilikuwa haba. Madaktari wengi waliugua, na wengine wakafa, wakiwemo madaktari wa familia waliokuwa wakitembelea wagonjwa majumbani.

8. Nyumba za kutunzia wazee

Lombardia ina nyumba nyingi za kutunzia wazee. Wanaoishi humo ni wazee sana, wengi wana magonjwa kadhaa, wanalala karibu, na wanahudumiwa na watu walewale wanaotoka chumba hiki kwenda kingine.

Machi 8, 2020, uongozi wa mkoa ulipitisha azimio la kuziomba nyumba hizo zipokee wagonjwa wa korona waliokuwa wakipata nafuu, ili hospitali zipate nafasi. Masharti yalikuwepo: wakae jengo tofauti, na watumishi tofauti. Lakini hata bila wagonjwa hao wapya, virusi vilikuwa vikiingia na watumishi wasiopimwa na wasio na barakoa za kutosha.

Hapo ndipo hatari zote za mwili, yaani umri, presha, kisukari na moyo, zilipokutana chini ya paa moja na mlango ukiwa wazi.

Mbona Veneto hawakufa wengi hivyo?

Veneto inapakana na Lombardia. Wazee wapo kwa kiwango kilekile, presha ipo, vinasaba vinafanana. Kifo cha kwanza cha korona kwa Mwitaliano kilitokea huko, kwa mkazi wa Vo', Februari 21.

Lakini mambo yalikwenda tofauti. Vo', mji wa watu 3,000 hivi, ulifungwa mara moja, na karibu wakazi wote wakapimwa. Mwanzoni asilimia 2.6 walikutwa na virusi, na zaidi ya asilimia 40 yao hawakuwa na dalili yoyote. Wakatengwa. Timu ya watafiti, akiwemo Andrea Crisanti wa Chuo Kikuu cha Padova, ilipopima tena, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 1.2.

Mkoa ukaendelea na njia hiyo: kupima wengi, kutafuta waliokutana na mgonjwa, kutibu nyumbani inapowezekana. Hadi mwisho wa Aprili, Veneto yenye watu karibu milioni 5 ilikuwa imehesabu vifo visivyofika 1,600. Ukilinganisha kwa idadi ya watu, Lombardia ilipoteza takriban mara nne zaidi.

Haki isemwe: mlipuko wa Veneto ulipogunduliwa ulikuwa bado mdogo, wakati wa Lombardia ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Hata hivyo, tofauti hiyo inathibitisha jambo moja. Wazee wawili wenye umri na presha sawa, mmoja Veneto na mmoja Bergamo, hawakuwa na nafasi sawa ya kuona majira ya kiangazi.

Usidanganywe na asilimia

Katikati ya Machi 2020 ilitangazwa kuwa Italia inapoteza asilimia 7.2 ya wagonjwa wake, wakati China ilikuwa na asilimia 2.3. Watu wakadhani virusi vya Italia ni vikali zaidi.

Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na wingi wa wazee. Sehemu nyingine ilikuwa ni hesabu tu. Kuanzia Februari 25, Italia ilipima zaidi watu wenye dalili kali. Ukipima wagonjwa mahututi peke yao, wanaokufa wataonekana wengi kwa asilimia, kwa sababu waliougua kidogo hawamo kwenye hesabu.

Kati ya Mei na Julai 2020, serikali ilipima kingamwili kwenye damu ya watu ili kujua ni wangapi walishaambukizwa. Kwa Italia nzima walikuwa asilimia 2.5. Lombardia, asilimia 7.5. Wilaya ya Bergamo, asilimia 24.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza malori ya jeshi. Karibu mtu 1 kati ya 4 aliambukizwa, karibu wote ndani ya wiki chache. Ugonjwa wenye hatari ileile, ukiwapata watu wengi mara kumi kwa wakati mmoja, hujaza makaburi mara kumi.

Vipi kuhusu hewa chafu?

Bonde la mto Po, ambako Lombardia ipo, ni kati ya maeneo yenye hewa chafu zaidi Ulaya Magharibi. Hewa chafu huharibu mapafu na moyo, hilo linajulikana. Tafiti kadhaa zimeona vifo vingi zaidi penye uchafu zaidi. Ila sehemu hizohizo ndizo zenye viwanda, msongamano na safari nyingi, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha. Inahesabiwa kama jambo linaloweza kuwa limechangia, halijathibitishwa kuwa sababu.

Hili linamhusu nani?

Kwa Afrika Mashariki, picha ya umri ni tofauti kabisa. Kenya na Tanzania, karibu nusu ya watu wana miaka 20 au chini yake, na vinasaba vile vya Neanderthal karibu havipo kwa Waafrika. Hizo ni nafuu mbili za kweli.

Lakini presha na kisukari vipo, na wengi walio navyo hawajui kwa sababu hawajawahi kupima. Vitanda vya mahututi ni vichache kuliko vya Lombardia. Na bibi anayelea wajukuu yupo karibu kila nyumba.

Umri haubadiliki, na vinasaba mtu hazaliwi akichagua. Yanayobadilika ni yale manne ya mwisho: kupima mapema, kufunga kwa wakati, kumtibu mgonjwa karibu na nyumbani, na kuwalinda wazee kabla ugonjwa haujafika mlangoni. Bergamo ilikosa muda wa yote hayo, na wiki mbili za mwisho wa Februari ndizo zilizoigharimu zaidi.